Marufuku ya Paji la Uso

Kwa fahari kubwa, wakazi wa mji wa San Roque, Ufilipino, walitangaziwa kwamba undugu katika ajira za walimu wa serikali umekoma rasmi, kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi. Aliyeukomesha ni Bwana Crisanto Magbanua, Mwenyekiti wa Kamati ya Ajira, mtu makini asiyeamini hata mvua mpaka aione imepigwa mhuri.

Silaha yake ilikuwa Kanuni ya Nne: yeyote atakayeupokea mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji lake la uso ndani ya chumba cha usaili, huyo ni ndugu, na atatoka papo hapo. Kisayansi kabisa. Nani humwamkia hivyo mtu asiye wake?

Delfina Tumulak, basi. Yeye aliwaamkia hivyo wazee wote wa mji, hata muuza samaki. Alikuwa amefundisha hesabu miaka saba kama mwalimu wa muda, akiisubiri nafasi hii moja, na alama zake ziliwapita wote. Magbanua alimhurumia kwa dhati. Lakini kanuni ni kanuni, na mpwa wake Jomar alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima ya kutomjua mjomba wake.

Delfina aliingia, mikono kaikunja mgongoni.

"Huamkii wazee, mwalimu?" Magbanua akamchokoza, mkono kaunyoosha.

"Natamani, Bwana Mwenyekiti. Ila nimesoma tangazo mlangoni."

"Wewe nawe, kila kitu unasoma!"

Akaambiwa asubiri nje, kwenye benchi. Jomar akaingia, akaketi bila kuamkia mtu.

"Kuna unayemjua hapa, kijana?"

"Hata mmoja, Bwana... nani vile?"

Safi! Magbanua nusura apige makofi. Mama yake alikuwa amemwambia wazi kwamba mjukuu wake asipopata kazi hiyo, nyumbani kwake asikanyage.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Aliingia mama huyo huyo, Bibi Pacing, na sinia la keki za wali, maana ndiye aliyeshinda zabuni ya vitafunio vya Kamati, akishindana na nafsi yake.

"We Jomar! Mjomba wako humjui? Aliyekubeba mgongoni? Ndivyo nilivyokulea?"

"Bibi, mjomba mwenyewe ndiye kasema—"

"Koma! Na wewe Crisanto, umekaa kama gogo, mama yako kasimama?"

Magbanua alikuwa na miaka hamsini na sita, lakini mwili ulitii kabla ya akili. Akainuka, akaupokea mkono wa mama yake, akaugusisha kwenye paji la uso. Jomar naye akaudaka mkono wa mjomba, akafanya vivyo hivyo.

Katibu, Bwana Ludovico, ambaye hakuwahi kutia neno kikaoni, alivaa miwani.

"Kanuni ya Nne," akasoma polepole. "Yeyote. Sahihi ni yako, Mwenyekiti."

Magbanua akatoka, Jomar nyuma yake. Pale benchini Delfina alisimama, akaupokea mkono wake kwa adabu zote, akaugusisha kwenye paji lake la uso. Huku nje kanuni haikufika.

"Pole, mzee wangu," alisema.

"Mwalimu Tumulak!" Ludovico akaita kutoka ndani. "Njoo utie sahihi mkataba."