Kimashine cha Asiya na Mkono Wangu wa Kushoto

Jumatatu, 14 Julai 2025
Mafuta yangu ya kuzuia jua yako tayari! Siagi ya ng'ombe, kama aliyojipaka bibi yangu, na ndimu ya kuua harufu. Bi Ghanima wa duka la vipodozi mtaani Rohero amebakiwa na rafu moja tupu. Jaffar, jirani yangu hapa Bwiza, anaitaka kwa krimu zake za Dubai. Bi Ghanima hataki maneno, anataka vipimo. Haya! Nimepaka mkono wa kushoto, wa kulia sikuupaka. Nimeshinda juani kando ya ziwa, Kinindo. Watu wamenicheka. Wacheke tu.

Alhamisi, 17 Julai
Mkono mtupu haulambwi. Nimempelekea sambusa mpwa wangu Asiya, anayefanya kazi kwa daktari wa ngozi. Ana kimashine kinachomulika ngozi na kutoa namba mbili: wekundu na weusi. Nikauliza, mi mweusi hivi, wekundu utatoka wapi? Akasema upo, jicho ndilo haliuoni. Ajabu! Mkono wa kulia: kumi na mbili. Uliopakwa: ishirini na sita! Na unawasha balaa.

Nikakishika mwenyewe. Nikikandamiza, wekundu unashuka. Nikilegeza, unapanda! Asiya akaeleza kwamba ukikandamiza damu inakimbia, ndiyo maana yeye hugusa tu. Asante, mpwa. Rafu nimeshaipata.

Jumatano, 23 Julai
Bi Ghanima kaja kwa Asiya kushuhudia, Jaffar nyuma yake. Nikaomba kujipima. Nikakandamiza mpaka jasho likanitoka. Wekundu: tisa! Jaffar akanuna. Nilitaka kucheza.

Bi Ghanima akauliza namba ya pili ni ya nini. Ya weusi, na ilikuwa juu sana. Nikakandamiza tena. Haikusogea.

Asiya akasema taratibu, "Apana, mjomba. Damu inakimbia, rangi haikimbii."

Akauliza nimechanganya nini. Nikataja ndimu. Kumbe ndimu ikikutana na jua huunguza ngozi, kisha huacha doa! Na doa lilikuwepo, kutoka kiwiko hadi kiganja. Rafu kapewa Jaffar. Nimeumia, jamani, nimeumia kweli.

Alhamisi, 24 Julai
Nimetafakari. Tulichopima ni ndimu moja tu. Ndimu nne nani amewahi kuzipima? Nimeshazikamua. Jua limewaka vizuri, na mkono wa kulia bado mzima.