Mpango Wangu wa Kumpa Rumondang Sala za Ompung

Jumatatu, 2 Desemba

Mume wangu Saut amepiga simu kutoka kisiwa cha Batam. Chumba kimepatikana, karibu na kiwanda cha meli anakochomelea vyuma. Januari mimi na binti yetu Rumondang tunamfuata! Nimeruka hadi kahawa ikamwagika. Halafu nikamwona mama mkwe anakunja gauni la Rumondang. Polepole, kama linaweza kuvunjika. Furaha ikanishuka hadi miguuni.

Huku kwetu mtu akipata mjukuu wa kwanza, jina lake la zamani linakufa. Mama mkwe ni Ompu Rumondang, yaani bibi yake Rumondang, na hata mchungaji anamwita hivyo. Nyumbani tunamwita Ompung tu. Na anavyoomba huyo mama! Ompung akianza kuomba unahisi Mungu amevuta kiti akakaa. Mimi sikupata bibi. Nililelewa na wajomba kwenye mashamba ya mpira. Sala ninayoijua ni ya chakula, na hata hiyo naikimbiza wali usipoe. Sasa huko Batam nitampa nini mtoto wangu?

Nimeamua. Krismasi ikifika, sala za Ompung zote zitakuwa kichwani mwa Rumondang. Ana miaka mitano, kichwa bado kina nafasi tele. Na mipango ninayo. Kazi ndogo hii.

Jumatano, 4 Desemba

Mpango wa kwanza: lampet, vile vikeki vyetu vya mvuke. Nimepika sufuria nzima, unga wa mchele na nazi na sukari ya mnazi, nikavifunga kwenye majani ya mgomba. Jioni, kila Ompung akisema neno na Rumondang akalirudia, mtoto anapata kimoja. Nani angekataa?

Sala ya Ompung ni ndefu. Inaanza na wagonjwa, inapitia serikalini, inateremka hadi kwa mifugo. Tulipofika serikalini mtoto alikuwa hawezi kukaa wima. Tulipofika kwa mifugo akatapika mkekani. Ompung akasema Amina hapo hapo, hajawahi kumaliza haraka hivyo. Akaniuliza kama namlisha mtoto au namshindilia kama gunia.

Lakini wagonjwa aliwarudia vizuri. Ni mwanzo.

Jumamosi, 7 Desemba

Mpango wa pili. Nimechomoa waya wa televisheni nikauficha ndani ya pipa la mchele. Nikatangaza kwamba imekufa, nikasikitika vizuri kabisa. Katuni hakuna, mtoto ataenda wapi? Si miguuni kwa bibi yake!

Akaenda kwa wifi yangu, Mama Togu, nyumba ya pili. Nikamfuata nimrudishe. Na nani nimemkuta mbele ya wote, kanyoosha miguu? Ompung! Eti lazima ajue kama yule mama mkwe mbaya wa kwenye tamthilia amekamatwa.

Wifi akacheka mpaka akashika mlango. Karibu wifi, kaa, televisheni ya kwenu si tumesikia msiba wake. Halafu akageuza mazungumzo makusudi. Togu wake amepewa aya ndefu kuliko watoto wote kwa usiku wa Krismasi, ile zamu ya kusimama mbele ya kanisa na kusema bila kusoma. Je, Rumondang amepewa ipi? Nikasema tunaificha, itakuwa ya kushtukiza. Kweli yenyewe ni kwamba amepewa mstari mmoja, unausema bila kuvuta pumzi.

Waya nimeurudisha. Ompung amesema televisheni imefufuka na inanukia mchele.

Jumanne, 10 Desemba

Nimegundua muda unapotelea wapi. Asubuhi! Rumondang akifumbua macho tu, huyo, kamfuata Ompung kwenye banda la nguruwe. Anarudi na pumba kwenye nywele, ananuka, anacheka peke yake. Asubuhi nzima imekwenda hivyo!

Nimemwambia Ompung, kwa heshima zote, kwamba asubuhi kichwa cha mtoto ni chepesi, tungekitumia kwa mambo ya Mungu. Ompung akaendelea kuchanganya pumba. Akaniuliza nguruwe nao ni wa nani.

Nimemwacha. Umri umesogea.

Ijumaa, 13 Desemba

Mpango wa tatu, na huu ni mkubwa. Nashangaa haukunijia mapema. Simu!

Nimeipachika juu ya boriti chumbani kwa Ompung ili irekodi sala yake ya alfajiri. Kisha nitakuwa naiweka chini ya mto wa Rumondang anapolala. Sala zitaingia zenyewe, kama maji kwenye kitambaa. Hakuna kutapika, hakuna kugombana na katuni. Mtoto analala, imani inaingia. Mimi jamani!

Jumatatu, 16 Desemba

Inafanya kazi! Mwenyewe sisikii kitu, maana nimepunguza sauti kabisa asije akaamka. Lakini mtoto anatabasamu usingizini. Nimeinama nikamnusa kichwani. Pumba, na kitu kingine kitamu nisichokijua jina. Nimekaa hapo hadi miguu ikafa ganzi.

Mama Togu amekuja kumpima. Rumondang hata mstari wake mmoja umempotea. Wifi akasema kwa sauti ya huruma kwamba nisiumie, si kila mtoto ni wa kusimama mbele. Nikamwambia asubiri tu.

Jumanne, 24 Desemba

Naandika bado nimevaa nguo za kanisani.

Kanisa lilijaa hadi ngazini. Togu akaanza kama redio. Alipofika katikati akakwama, akatazama dari, dari halikumsaidia, akaangua kilio. Sikucheka. Nilikohoa kidogo tu.

Zamu ya Rumondang. Gauni jeupe, na begani kitambaa cha ulos alichofumiwa na Ompung. Kimya. Mwalimu akamnong'oneza neno la kwanza. Kimya. Nikaanza kuyeyuka kwenye benchi. Wifi akaniwekea mkono begani, mkono wa pole. Heri angenipiga kofi.

Ndipo mtoto wangu akafumba macho, akashika kiuno vilevile anavyoshika Ompung, akatoa sauti:

"Baba, ni mimi tena. Asante kwa jana. Mama Togu na mgongo wake, mguse. Saut na moto wake wa kuchomelea, mlinde macho. Madoa! Toa kichwa hapo, wenzako hawajala! Samahani, Baba. Rumondang anaondoka. Sikuzuii. Ila asiende peke yake, nenda naye. Na mama yake mwongezee akili kidogo. Moyo anao. Amina."

Madoa ni nguruwe wetu jike.

Kanisa likaangua kicheko. Mchungaji akajishikilia madhabahuni. Ompung alikuwa amejifunika uso kwa ulos, mabega yanatikisika, nikajua nimemuua mama wa watu kwa aibu. Akafunua uso. Machozi yanateremka na meno yote yako nje. Akasimama akaitikia Amina, ile yake ndefu ya kwenye mazishi ya wakubwa, na kanisa zima likaitikia. Hata Mama Togu, mkono mgongoni.

Moyo anao! Nimesemewa mbele ya kanisa zima, na mama mkwe! Nani mwingine huku kijijini amewahi kusemewa hivyo? Lile la akili sikulisikia vizuri, watu walikuwa wanacheka.

Alhamisi, 26 Desemba

Nimechukua simu nimsikilizishe Saut ile rekodi. Ndani kuna jogoo mara moja, mlango ukilia, basi. Simu ilikuwa imejaa picha, ikakata. Siku zote hizi mtoto amelalia jogoo!

Nikamuuliza Rumondang kazipata wapi sala. Akanishangaa. Bandani, kila siku. Yeye anashika ndoo, Ompung anamwaga pumba, na wote wawili wanaongea na Mungu. Mwanzoni alikuwa anapewa Amina tu. Siku hizi anaachiwa hata maneno ya katikati. Kisha akaniuliza huko Batam ataomba vipi, maana baba amesema hakuna nguruwe.

Nimekaa chini. Nimefikiri sana. Na yote yamenifungukia.

Ni nguruwe!

Jumapili, 29 Desemba

Mtoto mdogo kabisa wa Madoa anaenea kwenye begi la nguo, akiinama kidogo. Nilikuwa natoboa matundu ya hewa Ompung akaingia. Akaniuliza nafanya nini. Nikamweleza mpango wote, tangu mwanzo.

Ompung akakaa juu ya gunia la mchele. Akasema yeye anaitwa Ompu Rumondang. Rumondang akipanda basi, yeye anabaki kuwa Ompu nani?

Nikamtuliza kwamba ndiyo sababu nabeba nguruwe, ili mtoto asisahau hata neno. Ompung akafumba macho hapo hapo, midomo ikacheza. Nikasikia jina langu, nikafurahi. Ananiombea safari njema.

Alipofumbua akasema nguruwe wote watabaki kwa Mama Togu, na yeye anakuja Batam nasi, mpaka Pasaka, tuone. Rumondang aliyekuwa mlangoni akapiga kelele, akamrukia shingoni, wakaanguka wote na gunia.

Nimefurahi, Mungu ananiona. Nimelia hata. Lakini nikamkumbusha Ompung, kwa heshima, kwamba bila nguruwe sala hazitaingia. Akasema tutajaribu hivyo hivyo. Akafumba macho tena.

Sawa, sikubishana na mkubwa. Begi liko chini ya kitanda, matundu yametosha, na matembele ya kumlisha nguruwe njiani nimeshakata.