Kikombe Nilichokiweka Chini kwa Mutlak

Jumatano, 14 Agosti. Azrak.

Tumefika! Nyumba ya mwisho, ya shemeji Mutlak. Tangu Maan nimeshika usukani peke yangu. Ndugu wa Karak, wa Madaba, wa Irbid, kote nimechinjiwa. Pale Tafila breki zilikatika mteremkoni, nikaisimamisha pikapu kwa kisigino. Fidha, mke wangu, anasema zilikuwa zinalia tu. Anajua nini habari za breki!

Njia nzima wimbo wake mmoja: mama yake kazeeka, tumchukue akae kwetu. Nikamwambia nyumba imejaa. Tena Mutlak ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. Atamtoaje mama yake nyumbani kwake, watu wamcheke? Maneno yakaisha.

Mimi nina langu. Barud! Dume la kondoo la zizi hili, mkia wake kama mto wa kulalia. Miaka namtamani. Hauzwi, nimeshajaribu. Kesho ni siku ya kupumzika kabla ya safari ya kurudi, na wazee wa ukoo watakuja barazani kunywa kahawa. Basi nitaweka kikombe chini! Mgeni asiyekunywa ana haja, na mwenyeji akishamwambia "kunywa" amekwisha kukubali, hata kama hajaisikia. Akigeuka, ukoo mzima umeaibika. Akili gani hii!

Nimemwambia Fidha peke yake. Kanisikiliza kwa makini, kisha akaenda jikoni kwa wifi yake kurudisha sinia.

Alhamisi, 15 Agosti. Siku ya kupumzika.

Sijapumzika hata kidogo. Kichwa kinazunguka.

Asubuhi Fidha alinihimiza nilale. Wapi! Nikaenda zizini kufanya mazoezi ya maneno mbele ya Barud mwenyewe. Hakupinga.

Baraza ikajaa. Mutlak akanimiminia kahawa kutoka kwenye dele. Nikaweka kikombe chini, taratibu, kama mfalme. Nikavuta pumzi niseme "Barud". Sijafungua kinywa, Mutlak kasimama, macho yamelowa. Akasema, "Kunywa kahawa yako, Baba Sattam. Haja yako tunaijua, na imepita."

Wanaijuaje?

Nikanywa. Upande wa wanawake vigelegele! Mzee Dahham, ambaye huwa hanijibu hata salamu, akanibusu paji la uso, akasema wanaume kama mimi wamekwisha. Hilo nalijua. Lakini kwa ajili ya kondoo?

Mutlak akanivuta pembeni. Akanisihi baridi ya usiku isimpate, na chakula apewe kidogo kidogo. Nikamwambia aondoe shaka, nafasi nyuma ya pikapu ipo na kamba nimeshaandaa. Akanitazama weee! Halafu akacheka mpaka akakohoa. "Baba Sattam, hata leo huachi mizaha!" Nikacheka na mimi. Sijui tulicheka nini.

Alasiri nikaenda zizini na kamba. Barud anakula, hana habari, wala hakuna aliyemwosha. Ndani wanawake wanakunja godoro, wanafunga sanduku, wanapanga chupa za dawa. Dawa za nini? Kondoo mzima kabisa! Nikamuuliza Fidha. Akanibusu mkono. Tangu nimuoe hajanibusu mkono. Nikaingiwa na hofu.

Ijumaa, 16 Agosti. Njiani.

Naandika huku pikapu inapoa kando ya barabara.

Alfajiri mama mkwe katoka na gauni jipya na fimbo yake, akapanda mbele, akafunga mlango. "Twende, mwanangu." Nyuma godoro na sanduku. Mutlak analia waziwazi. Wazee wote wamepanga mstari.

Nifanyeje? Niseme nilitaka kondoo? Mbele ya Mzee Dahham? Nikawasha gari. Barud alinitazama juu ya ua, anatafuna.

Jumapili, 18 Agosti. Nyumbani, Maan.

Mama mkwe kachukua mto wangu. Chai yangu anasema ina sukari ya kichaa. Fidha anaimba jikoni tangu juzi.

Leo kanishika mkono, yule mama, akaniambia siri. Barud ni wake! Alimlea kwa chupa, mama yake alipokufa. Alikuwa amekusudia kunipa zawadi siku ya kuagana, maana aliona ninavyomtazama. Lakini aliposikia nimeweka kikombe chini mbele ya ukoo kwa ajili ya kikongwe, wala sikutaka kingine, aliona haya kumlipa mwanamume wa namna hiyo kwa kondoo. Kamwachia Mutlak, apoze moyo.

Nikatoka nje kupata hewa.

Nimekaa nimechunguza, kosa nimeliona. Kikombe! Nilikiweka upande wa kushoto. Jirani yetu Ghasib ana ngamia jike, maziwa yake yanajaza ndoo. Kesho naenda kwake, na safari hii nakiweka kulia.

Nimemwambia Fidha peke yake. Kanisikiliza kwa makini sana. Kasema nivae kanzu safi, na hivi sasa kaenda mara moja kwa mke wa Ghasib, kurudisha sinia.