Kabichi ya Ziwa na Paka Opondo

Jumatatu, 8 Septemba
Mwanangu Sylvia anaota meno mawili kwa mpigo. Sijalala. Lakini wazo nimepata! Kule ufukweni Dunga kuna mimea inaelea majini kama vikabichi. Kabichi ya ziwa. Bure kabisa! Tia kwenye bakuli la kioo, ongeza kokoto: pambo la sebule. Nimepanga mabakuli matatu hapa sokoni Otonglo, kando ya Zeituni anayeuza maua ya mikebe. Ameniuliza kama kesho nitauza matope.

Jumanne, 9 Septemba
Mteja! Mama Aaliyah, wa nyumba kubwa. Anataka yote matatu, ila ana paka wanne. Akauliza kama mmea huu ni salama kwa paka. Nikasema salama kabisa, hata paka wangu hulala kando yake. (Uongo. Ulitoka wenyewe.) Zeituni akadakia kwamba basi paka huyo aletwe tumwone. Mama Aaliyah akasema vizuri, atarudi Alhamisi. Asante sana, Zeituni!

Jumatano, 10 Septemba
Nimemweka Opondo kando ya bakuli. Ameondoka. Nimemrudisha. Ameondoka. Huyu ndiye paka ambaye Sylvia halali bila kushika mkia wake. Mkaidi! Mimi ni mkaidi zaidi. Nikapaka majani supu ya omena, wale dagaa wa ziwani. Akaja mbio. Akalamba. Akatafuna! Kutafuna hakukuwa kwenye mpango.

Mate yakaanza kumtoka kama bomba limepasuka. Sylvia analia, mimi nalia. Mmoja mgongoni, mwingine kifuani, mbio hadi kwa Wandera, daktari wa mifugo. Akamwosha kinywa. Akasema atapona, ila majani haya humchoma paka mdomo, yasikae nyumba moja naye. Akauliza mbona yananuka omena. Nikasema hata mimi nashangaa. Nikamuuliza pia kuhusu yale majani ya kutambaa anayouza Zeituni. Akasema yanachoma vilevile. Moyo ukatulia kidogo.

Alhamisi, 11 Septemba
Opondo amekula. Mkia umerudi kazini. Mama Aaliyah akafika, na uongo nilikuwa nao tayari mdomoni. Nikamtazama Sylvia, mkia wa Opondo mkononi. Nikasema: Mama, usinunue, huu utaumiza paka wako. Zeituni akawahi kumwonyesha yake ya kutambaa. Nikasema hata hayo! Mama Aaliyah akashukuru, akaenda mikono mitupu. Zeituni akasema mimi nikizama lazima nishike mguu wa jirani. Jioni akamletea Opondo kichwa cha samaki. Mimi hakunisalimia.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimelala usiku kucha! Akili imefunguka. Mama Aaliyah ana paka wanne. Wanalala wapi? Nitawasukia vitanda kwa magugumaji makavu, yale ya kusukia vikapu. Salama? Yamekauka, yatamchoma nani! Kimoja nimemaliza. Nimemweka Opondo ndani. Ameondoka. Nimemrudisha. Ameondoka.

Supu ya omena bado iko jikoni.