Mvua Tumeipeleka Gilgil

Mgeni wa heshima, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi; chifu wetu Nicodemus; naibu wa chifu; anayeshikilia nafasi ya naibu wa chifu; mapasta wote wa Keringet kwa wingi wenu; vijana mlio juu ya ukuta, shukeni; mabibi na mabwana, itifaki izingatiwe kisha iketi. (Makofi.)

Nimesimama hapa, na siwafichi furaha yangu, kuzindua Mradi Jumuishi wa Ramani ya Hali ya Hewa, mradi ambao baada ya semina, wokshopu na ziara ya mafunzo kule Naivasha tulikokula samaki vizuri sana, umefikia asilimia mia moja na nne ya utekelezaji. (Vigelegele.) Tazameni ramani hii nyeupe nyuma yangu. Mistari iliyojipinda inaitwa isoba. Isoba huunganisha sehemu zenye kanieneo sawa ya hewa, yaani mgandamizo wake, na wataalamu wanasema kamwe hazikatizani. Sisi kama kamati tukauliza, kama barabara zinakatizana, isoba ni nani? (Kicheko.) Zetu zinakatizana kila mahali, na pale zinapokatizana tutajenga soko!

(Mama Linah, kutoka nyuma: "Mheshimiwa, kunanguruma! Nianue mahindi?")

Tulia, mama, hayo ni makofi ya mbali. Wewe ndiwe ushahidi wetu. Mimi mwenyewe nilikuambia uanike mavuno yako yote hapo uwanjani, kwa sababu huu mstari wa bluu, mstari wa mvua, tuliuchora kwa kushirikisha wadau. Kwanza ulipita hapa Keringet. Mzee Elphas akasema ana mahindi nje, tukausukuma. Kiarie akasema ana harusi ya binti yake, tukausukuma tena. Tukausukuma hadi Gilgil, na kwa vile Gilgil hawakutuma mjumbe kwenye mkutano, mvua ikapitishwa kwao bila kupingwa. (Makofi. Matone.)

Haya matone ni ya Gilgil, yamepotea njia.

(Kijana ukutani: "Boss, yamekuja kutafuta mjumbe!" Kicheko. Mvua inashika kasi.)

Mvua hii haijaidhinishwa! Narudia, haijaidhinishwa! (Umati unakimbilia mahindi. Mama Linah: "Turubai halitoshi kuyafunika! Mheshimiwa, mwaka huu watoto wangu watakula isoba?")

Hapo, mama... hapo umenishika. Levis wa kamati, shusha ramani! Chifu, kamata pembe ile! Funikeni mahindi nayo! Na huku mkifunika mniitikie: Isoba! (Juu!) Kanieneo! (Chini!) Mahindi! (Ndani!)

Asanteni sana. Shukrani za pekee ni kwa Jeruto wa hoteli, aliyetuazima nailoni hii ya meza leo asubuhi pamoja na kalamu ya kuandikia menyu. Ile miduara mnayoiona kwenye ramani, ya mgandamizo mkubwa, ni alama za vikombe vyake, chai ilimwagika tukiwa kwenye kikao, ambacho pia kilikuwa leo asubuhi. Na nyinyi mnaopiga kelele tukajikinge kwenye kile kituo kipya cha hali ya hewa, wapendwa, kituo kilikuwa kwenye ramani tu, kona ya kushoto. Kona hiyo sasa imefunika mahindi ya mwisho ya Mama Linah, na nawahakikishia, hapo chini ni pakavu kabisa.

Mungu awabariki. Nani ana mwavuli?