Pumzi Yangu Katika Mwali wa Leza

Bandugu, leo haya imenimeza muzima.

Munajua natumika mu labo, maabara ya hapa Bukavu. Tuko na mashini ya leza: mwali wake unapita wazi hewani, kutoka kioo kimoja mupaka kingine, na unatuonyesha gesi inayotoka mu maji ya Ziwa Kivu. Mashini ni ya kuazima. Kesho wenye mali wanakuja kuibeba. Na juma nzima mustari kwenye ekrani ya kompyuta, badala ya kulala kimya, unaruka-ruka kama mbuzi.

Asubuhi Profesa akasema: "Leo tupate mustari safi, ao kazi yote imekufa."

Mimi njo nikajifanya daktari wa mashini. (Nani aliniomba?) Nikazima frigo. Nikazima ventilateri ya kupepea. Nikaenda kumuzimisha sentineli, mulinzi wetu, radio yake. Mustari ukaruka. Nikamugeukia Furaha, mwenzangu wa kazi.

"Ni marashi yako, dada! Enda unawe!"

Masikini akaenda, akasugua shingo na maji ya baridi, akarudi. Mustari ukaruka.

Mimi nilikuwa kando ya mwali, kwa dirisha. Pale inaonekana milima, njia aliyopita Pascal, bwana yangu. Tangu Pasaka yeye iko Shabunda, anafundisha, na kule rezo ya simu ni bahati. Mara ya mwisho aliniambia, "Noëlla, sikia..." ikakatika. Mupaka leo sijui nisikie nini.

Profesa akatoa watu wote inje, tukabaki wawili, yeye na mimi. Ukaruka. Akanitoa na mimi. Ukalala kama mutoto mwenye kushiba. Akaturudisha wote. Ukaruka!

Mbele ya labo nzima, muzee akashusha sauti: "Maman Noëlla, unisamehe... jana ulikula maharagi?"

Yesu wangu!

"Hapana, Profesa! Ni sombe tu, majani ya muhogo!"

Furaha, shingo ingali na maji, akasema: "Profesa, haiko tumbo. Akiangalia ile milima anashusha pumzi, na pumzi nayo ni gesi, inaingia mu mwali."

"Uongo!" nikasema.

Furaha akanikaribia polepole. "Pascal," akaita.

Jina tu, bandugu! Kifua kikajaa chenyewe. Haaaa... Mustari ukapanda mupaka ukatoka juu ya ekrani! Watu wakaanguka kwa kicheko. Hata Profesa alivua miwani, akapangusa macho.

Kiti changu kikapelekwa kule kwa mulango, mugongo kwa dirisha (kama mwanafunzi wa fujo). Mbele ya jioni tulipata mustari safi kabisa. Kazi imepona. Profesa akapita karibu yangu, akasema kwa sauti ndogo: "Hii gesi ya ziwa tumeiweza, maman. Ile yako, sina dawa."

Nikajibu ndiyo, Profesa. Kisha nikashusha pumzi moja ndefu, kwa uhuru, kule kwa mulango.

Furaha nilitaka kumuomba samahani kwa ile ya marashi, lakini bado anacheka.

Basi, ninyi musinicheke. Na mwenye atashindwa kujizuia, acheke kule inje: mashini ingali inapima.