Mama Délice Akataa Kuanguka

"Nimesema minye siwezi anguka! Kama filamu yako inataka muntu wa kuanguka, anguka weye!"

"Mama Délice, hii ni komedi."

"Komedi ni yako. Mugongo ni wangu."

Bwana Toussaint, mwongozaji wa filamu, alivua miwani yake ya jua, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Hivyo ndivyo alivyofanya kila alipohitaji nafasi ya kutunga uongo mpya, na asubuhi hiyo miwani ilikuwa safi kuliko dirisha la benki.

Walikuwa kando ya barabara inayotoka Uvira kwenda Luberizi, pale mashamba ya mpunga yanapoanza. Kamera kubwa ya video ilisimama juu ya miguu yake mitatu, ikiangalia barabara kwa jicho moja. Mbele yake walijipanga wanawake wa soko, wamevaa mashati ya bluu waliyoazima kwa watoto wao wa shule, vifungo vikilia kifuani, na kofia za bluu zilizoshonwa kwa mabaki ya kitambaa. Kila mmoja alikuwa na filimbi shingoni na matope magotini, maana tangu asubuhi kazi ilikuwa kuanguka.

"Wenzako wote wameanguka," Toussaint alisema. "Muangalie Georgette. Anaanguka kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo."

Georgette, msusi wa nywele, alijishika kiuno kwa fahari. "Mwanzo nilikuwa naanguka bibaya. Sasa najua."

"Georgette hana mukwe," Mama Délice alijibu. "Jumamosi minye naozesha mutoto. Mukwe wangu, siku yote akinikuta sokoni, anajificha nyuma ya magunia ya mihogo juu ya adabu. Nimuangalie namna gani akisikia mama-mukwe wake aligalagala mu barabara kama gunia lenyewe?"

Wanawake walicheka. Toussaint naye alicheka, ingawa moyoni alikuwa akihesabu umbali kutoka pale alipo hadi kwenye begi.

Begi ndilo lililokuwa filamu yenyewe. Tueleze, maana Toussaint mwenyewe hangeeleza.

Alifika Uvira na kamera aliyookota kwa fundi mmoja aliyekuwa anataka kuitupa. Hakujua bado ataifanyia nini. Siku ya kwanza sokoni alimkuta Georgette akiigiza askari wa barabarani: amepuliza filimbi, amesimamisha mkokoteni wa ndizi, anadai leseni ya gurudumu. Wanawake walikuwa wamekunja matumbo kwa kicheko. Mwingine angecheka, akanunua ndizi, akaenda. Toussaint aliangalia vitenge walivyovaa. Akaangalia meza ya Dalila, mfanyabiashara ambaye ukoo wake uliuza vitambaa pwani hii ya ziwa tangu enzi za babu wa babu. Akasikia Dalila akimwambia mteja kwamba mwanamke mwenye akili hafichi pesa, anaficha vitenge: viko ndani ya malle, sanduku la bati, chini ya kitanda, vimekunjwa na karatasi yake, vinangoja harusi au shida.

Basi kesho yake filamu ilizaliwa. Iliitwa *Rekruti wa Sokoni*: wanawake wa Uvira wanajifunza kuwa polisi, hawawezi kitu, nchi nzima inacheka. Aliwapeleka ufukoni kila alfajiri. Waligeuka kushoto wakati wa kulia, walipiga saluti kwa mkono wenye kikapu, walipekuana mpaka Dalila akamkuta Georgette na kitana chake mwenyewe alichokipoteza tangu Pasaka. Wavuvi waliacha nyavu kuja kuangalia. Kusema kweli, wale wanawake hawakuwa na furaha kama ile tangu walipoolewa, na wengine hata siku hiyo hawakuwa nayo.

Kisha likaja onyesho la mwisho. Rekruti wanamkamata mtu wa magendo mwenye begi la vitenge. Mtu wa magendo ni Toussaint mwenyewe, "kwa sababu sina wa kumuamini na kazi nzito hiyo". Anawaponyoka, anapanda pikipiki, anatoweka. Wote wanaanguka. Mwisho.

"Lakini bitenge bikuwe bya kweli," aliwaambia. "Kamera hii haidanganywi. Ukiweka matambara, inaonyesha matambara."

Wakafungua malle zao. Dalila alileta vile vya dukani, kwa sharti kwamba jina la duka litasomeka. Mama Délice alileta vya harusi: vya kuwapa wakwe, vya mashangazi, na kile kimoja cha kijani ambacho Délice angevaa akitoka nyumbani kwa mama yake. Alikuwa amevikusanya kimoja kimoja kwa pesa ya kuuza samaki wa mikeke, tangu binti akiwa bado anapoteza meno ya utoto. Aliviweka begini kwa mikono miwili. "Matope yasiguse," alisema, na Toussaint aliapa kwamba hata tone halitagusa. Hilo, kwa haki yake, hakudanganya.

Kilichobaki kilikuwa ni huyu mama mmoja asiyetaka kuanguka. Asipoanguka, atakimbia. Akikimbia, atamfikia, mikono ile imebeba mabeseni ya samaki miaka yote. Toussaint akapangusa miwani tena, na wazo likaja, zuri mno hata akajihurumia kwamba hakuna wa kumpigia makofi.

"Mama, una haki," alisema. "Mutu wa heshima haanguki. Weye utakuwa komanda. Utasimama kule mbele, peke yako, katikati ya barabara, mukono juu: simama! Pikipiki itakupita kando, fyuu! Weye unabaki umesimama."

"Sianguki?"

"Huanguki hata kidogo."

Mama Délice alifikiri. "Na kofia yangu ikuwe kubwa kuliko ya Georgette."

Alipewa. Akatembea polepole mpaka kule mbele, mbali na begi, mbali na pikipiki, akasimama katikati ya barabara kama mtu aliyeijenga. Toussaint alimtazama akienda, akaridhika sana. Ni mara chache tapeli humweka kwa mkono wake mwenyewe mtu atakayemvunja shingo, tena akampa na kofia.

Nyuma ya migomba pikipiki ilikuwa inangoja. Dereva wake alikuwa Baraka, kijana ambaye Toussaint alimchagua kwenye parking ya motari, vijana wa pikipiki za abiria, kwa sababu moja: alikuwa mpole, anaangalia chini, haulizi. Aliambiwa afike moja kwa moja, asizungumze na waigizaji, na akianza safari asisimame mpaka Luberizi, hata watu wapige kelele namna gani, kwa sababu kelele ni za filamu. Huko gari la Bukavu lilikuwa limekwisha kulipwa kiti kimoja na begi moja.

"Action!" Toussaint alipaza sauti, akanyakua begi, akakimbia.

Filimbi zikalia. Wanawake wakamfuata hatua chache, kisha wakaanguka. Walianguka kwa zamu na kwa ufundi, kama walivyofundishwa, na hakuna jeshi lililowahi kushindwa kwa nidhamu namna ile. Dalila aliteleza mpaka kwenye mfereji wa mpunga na kofia ikaelea. Georgette alianguka, akaona hakuanguka vizuri, akasimama, akaanguka tena.

Toussaint akaruka nyuma ya Baraka. "Twende!"

Pikipiki ikanguruma. Upepo ukampiga usoni, begi likamkaa kifuani kama mtoto, naye akaanza kucheka, cheko la kweli, la kwanza tangu afike. Mbele, Mama Délice alikuwa ameinua mkono.

"Pita kando!" Toussaint alisema.

Baraka hakupita kando. Alipunguza mwendo. Akasimama. Akazima injini. Akashuka, akavua kofia ya chuma, akaingia kwenye majani ya kando ya barabara, akainamisha kichwa na kukunja mikono, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Weye!" Toussaint alinong'ona kwa ukali. "Uko wazimu? Washa!"

"Patron," Baraka alinong'ona bila kuinua macho, "ule ni mama-mukwe wangu."

"Na kisha?"

"Siwezi mupita mbele."

"Pita nyuma!"

"Nyuma ni mubaya zaidi."

"Basi funga macho!"

"Nikifunga macho, patron, ni nani ataendesha?"

Toussaint alikuwa amedanganya watu katika miji mingi, na kila mahali alijifunza kwanza nani ana tamaa, nani ana huruma, nani ana haraka. Nani ni mkwe wa nani, hakuwahi kuuliza. Alishika usukani mwenyewe. Hakuwa anajua kuendesha, lakini hakuwa anajua kupiga filamu pia na hilo lilikuwa limekwenda vizuri. Pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyeona kisu, ikapiga nusu duara, ikamlaza kwenye matope ya mpunga. Begi lilibaki barabarani, kavu.

Wanawake kule nyuma walipiga makofi. "Ameanguka vizuri kutushinda!" Georgette alishangilia. "Bila hata répétition, bila mazoezi!"

Toussaint alisimama, matope yakimchuruzika kwenye miwani. "Coupez! Kata!" alisema, sauti tamu kama kawaida. "Magnifique! Mumeona, dada zangu? Hiyo ndiyo komedi. Sasa turudie toka mwanzo. Mama Délice, weye utakaa kivulini. Begi nabaki nalo."

Na wangerudia. Tusijidanganye: walikuwa wameanza kurudi kwenye mstari, na Georgette alikuwa anachagua mahali pa kuangukia. Lakini Mama Délice alikuwa bado anaangalia majani ambamo kijana alikuwa amesimama.

"Georgette," aliita. "Kuja hapa. Muulize ule kijana: alikuwa anamupeleka wapi huyu muntu?"

Baraka alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Lakini adabu ni adabu. Georgette akaja, akasimama katikati.

"Baraka, mama anauliza: ulikuwa unamupeleka wapi huyu muntu?"

"Umwambie mama: Luberizi. Gari ya Bukavu iko inamungojea."

"Mama, anasema Luberizi. Gari ya Bukavu..." Georgette akanyamaza katikati ya kazi.

Dalila alikuwa amefika, maji yakimtoka masikioni. "Filamu gani ya Uvira inaishia Bukavu?"

Georgette alirudi mbio kwenye kamera, akaifungua ubavu, akaingiza mkono ndani. Hamkuwa na mashine yoyote; akatoa jiwe la kuipa uzito. Jiwe lilikuwa limevishwa soksi, ili lisigonge kamera ikibebwa.

Dalila akaanza kucheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri kukisikia.

"Nimeibiwa dukani, nimeibiwa kwenye boti. Lakini hii? Hii nimefundishwa. Niliamka alfajiri kujifunza namna ya kuibiwa!"

"Weye ulianguka mara moja," Georgette alisema kwa uchungu. "Minye mara mbili, na ya pili hakuniomba."

Toussaint alipangusa miwani, lakini shati nalo lilikuwa matope, na hakuna kilichoonekana, wala uongo haukuja. "Dada zangu..." alianza.

"Tumupeleke polisi," mmoja alisema.

"Tumufunge kamba kwanza," mwingine akasema, akianza kuvua mkanda wa filimbi.

Mama Délice aliokota begi. Alilifungua, akagusa kile kitenge cha kijani, akakikuta kikavu, akafunga. Alimtazama Toussaint kuanzia viatu mpaka miwani. Hapo ndipo alipoamua, na hakushauriana na mtu.

"Georgette, muambie mukwe wangu abebe begi nyuma yetu, polepole. Jumamosi asichelewe. Na asiniangalie." Kisha akamgeukia Toussaint. "Filamu yako haina mwisho muzuri. Polisi hawakamati muntu. Tutaurekebisha. Kule darajani kuko kituo cha polisi. Ukikifikia mbele yetu, utajieleza mwenyewe. Tukikufikia sisi, tutakueleza sisi. Georgette, telefone yako iko na kamera ya kweli?"

"Iko, mama."

"Na leo haanguki muntu. Mumesikia, makomando? Muliofundishwa kuanguka, musahau."

"Mama, nikumbushe," Toussaint alisema kwa unyonge, "minye ndiye mwongozaji."

"Sasa nafunga kitenge changu vizuri," Mama Délice alisema. "Nikimaliza, tunaanza."

Toussaint alimtazama akishika pindo la kwanza. Akawatazama wanawake, ambao yeye mwenyewe aliwakimbiza ufukoni kila alfajiri mpaka miguu yao ikakomaa. Akageuka, akaelekea daraja, na hivyo akawa mwizi wa kwanza tunayemjua kukimbilia polisi kwa roho yake yote.

Mama Délice alikaza fundo, akaweka kofia sawa.

"Action," alisema, akapuliza filimbi, na wote wakakimbia.